Kigari cha mtoto cha bei mbaya: pesa inaenda wapi hasa?

Subira_K
Wakuu habari. Mtoto wa kwanza yuko njiani, imebaki miezi miwili, na suala la kigari limetugawa nyumbani. Vilivyobaki kwenye orodha ni viwili. Kimoja ni kile chepesi cha kukunja kama mwavuli: kilo 6, magurudumu madogo ya plastiki, mgongo unalala nusu tu. Kingine ni seti ya "tatu kwa moja": fremu ya alumini, kitanda cha mtoto mchanga, kiti cha kugeuza akutazame wewe au atazame mbele, na kiti cha gari cha kupachika juu ya fremu hiyohiyo. Kilo 13, na bei yake ni mara sita ya kile cha kwanza.

Mazingira: ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Nje ni changarawe kama nusu kilomita ndipo uikute lami. Naomba wanaovijua hivi vitu kwa undani waniambie ile mara sita inanunua nini. Msiniambie "ubora una gharama", hilo muuzaji ameshanihubiria vya kutosha.

fundi_spoku
Dada Subira, achana kwanza na kitambaa na jina. Kipindue kigari miguu juu, pesa nyingi imekaa huko chini.

Anza na ukubwa wa gurudumu, maana kwa njia yako hilo ndilo litakaloamua. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 14 likikutana na jiwe la sentimita 2, ili lipande taratibu inabidi usukume kwa nguvu inayokaribia uzito wote uliolilalia gurudumu hilo. La sentimita 30, kwa jiwe lilelile, linataka chini kidogo ya asilimia 60 ya uzito huo. Ndiyo sababu vigari vya mwavuli hugota ghafla kwenye changarawe, mtoto akabaki ananing'inia kwenye mkanda na mpini ukakugonga tumboni. Kwenye sakafu laini tofauti hiyo huioni kabisa, na sakafu za madukani zote ni laini.

Baada ya ukubwa, tairi yenyewe. Plastiki ngumu inapeleka mtikisiko wote kwenye fremu. EVA, ile sponji ngumu nyeusi, ni nyepesi na haijui pancha, lakini kwenye lami chakavu inameguka vipande, na ukikiburuza kigari huku breki imefungwa inaliwa upande mmoja inakuwa bapa. Kuanzia hapo kila mzunguko ni "tak, tak", na hakuna dawa isipokuwa gurudumu jipya. Mpira uliojazwa povu ni mzito, ila haukudai kitu: hauna upepo wa kujaza na unameza mtikisiko vizuri. Tairi ya upepo ndiyo laini kuliko zote, kwa sharti kwamba kuna mtu wa kuihudumia.

Sasa chomoa gurudumu la nyuma (kwenye vingi ni kubonyeza kitufe tu) uchungulie tundu lake. Kwenye cha bei rahisi utakuta ekseli ya chuma inazunguka moja kwa moja ndani ya plastiki. Vumbi la mchanga likiingia humo linafanya kazi ya msasa: tundu linapanuka, linakuwa yai, gurudumu linaanza kucheza na kigari kinavuta upande mmoja. Kwenye kizuri utakuta beringi iliyozibwa. Baadhi hutumia namba 608, zile za viatu vya magurudumu: tundu milimita 8, kipenyo cha nje 22, unene 7. Ikifa unaigonga itoke, unaingiza nyingine, kazi ya dakika kumi. Lakini angalia vizuri, kuna vigari vya bei kubwa kabisa vyenye matundu ya plastiki tupu. Bei haikuhakikishii kitu, macho ndiyo yanayokuhakikishia.

Kipimo cha fremu: weka mzigo wa kilo 10 kwenye kiti, kisha kandamiza mpini mpaka magurudumu ya mbele yainuke. Kigari imara kinainuka chote kwa pamoja. Kibovu kinajikunja kwanza kwenye maungio, mpini unashuka na gurudumu bado liko chini. Halafu shika mpini, inua kulia ushushe kushoto kama unakamua nguo. Kikilia na kupinda kingali kipya dukani, baada ya miezi sita ya changarawe ribiti (pini za chuma zilizopondwa ncha kushikilia maungio) zitakuwa zimelegea. Na ribiti haikazwi, tofauti na bolti. Hiyo peke yake inafanya fremu ya bolti istahili kuongezewa pesa.

Breki: taka kanyagio moja linalofunga magurudumu yote mawili ya nyuma. Nyingi hufanya kazi kwa pini inayoingia katikati ya meno. Kasoro yake ni kwamba pini inaweza kutua juu ya jino, kanyagio likashuka na wewe ukaridhika, kumbe gurudumu liko huru. Kila ukifunga, sukuma mbele na nyuma kidogo mpaka usikie "klik".

Mkunga_Mstaafu
Fundi amesema vya chini, mimi niseme vya juu.

Binti yangu, hicho cha "mgongo unalala nusu" kitoe kwenye orodha kwa miezi sita ya mwanzo, bei iwe yoyote. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kuliko nguvu za shingo yake. Mgongo ukiinuka, kidevu kinaangukia kifuani na njia ya hewa inabanwa. Mtoto wa hivyo halii. Ananyamaza tu, nawe unafurahi kwamba amelala.

Kiwango cha Ulaya, EN 1888, kinataka kiti kinachouzwa kwa mtoto tangu kuzaliwa kifunguke pembe ya nyuzi 150 au zaidi kati ya mgongo na kikalio. Kisichofika hapo ni cha kuanzia miezi 6. Tafuta namba hiyo kwenye kibandiko cha fremu au kitabu cha maelekezo. Sehemu ya 1 ya kiwango inahusu mtoto wa hadi kilo 15, sehemu ya 2 kuanzia 15 hadi 22, kwa hiyo ukiona EN 1888-2 ujue kigari kimepimwa kwa mtoto mkubwa pia. Hicho ni kitu cha kulipia, tofauti na kishikio cha kikombe.

Kitanda cha mtoto mchanga ni kizuri, ila umri wake ni mfupi: anapoanza kukaa mwenyewe au kujiinua kwa mikono na magoti, au akifika kilo 9 kwa vingi, kinastaafu. Kama kiti kikuu kinalala bapa kabisa na godoro lake si la kubonyea, huhitaji kitanda cha pekee. Uliza hilo kabla hujalipia seti.

Na kile kiti cha gari juu ya fremu kisikuhadae. Ni cha safari, si cha kulala. Mtoto anakaa humo amejikunja. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni yasipite masaa mawili mfululizo, na kwa mchanga wa wiki chache iwe pungufu zaidi. Wanaotembeza mtoto nusu siku humo kwa sababu "kimeshajipachika" wanakosea.

Mkanda uwe wa pointi tano: mabega mawili, nyonga mbili, katikati ya miguu. Wa pointi tatu mtoto anaukwepa kwa juu akishajua kujigeuza. Na jua likiwa kali msitandaze shuka juu ya kigari, hata jepesi. Joto linajaa humo ndani na hewa haipiti. Kivuli kitoke kwenye paa refu lenye dirisha la wavu nyuma, na hapo vya bei nafuu vingi ndipo vinapobania kitambaa.

Hesabu_Kwanza
Naona mnampeleka dada kwenye kilo 13 bila kuuliza ngazi. Mtoto wa miezi miwili ni kama kilo 5, begi la nepi na vikorokoro kilo 3. Jumlisha, kilo 21 ghorofa tatu, na mkono mmoja unautaka ushike reli ya ngazi. Haiwezekani kwa mtu mmoja, na aliyetoka kujifungua kwa upasuaji ndiyo kabisa asijaribu.

Kisha uliza, kilo 13 za nini? Matangazo mengi yanataja fremu na magurudumu tu, au yanaacha kapu na paa. Beba mzani wa kupimia mizigo, kining'inize kigari kama utakavyokitumia.

Upande wa pesa: tuseme cha rahisi ni 1, cha ghali ni 6. Cha ghali ukikitunza ukakiuza kwa nusu, kimekugharimu 3. Cha rahisi kikafa ndani ya mwaka ukanunua cha pili, umetumia 2. Kwa mtoto mmoja cha ghali bado hakijarudisha pesa yake. Kinaanza kuingia akilini kikibeba watoto wawili, au ukikinunua mtumba kwa 3 na kukiuza kwa 2. Kwa maoni yangu aliyelipa 6 dukani amemlipia mnunuzi wa pili.

Ningetafuta cha katikati: kiti kimoja kinacholala bapa, kilo 8 mpaka 10, kinachokunjwa kwa mkono mmoja na kusimama chenyewe, magurudumu ya nyuma yasiwe chini ya sentimita 22. Hakuna seti, hakuna tatu kwa moja. Kiti cha gari kinunuliwe peke yake kwa vigezo vyake.

Subira_K
Asanteni sana, mama yetu Mkunga hasa, hiyo ya shingo hakuna muuzaji aliyeigusa. Cha mwavuli nimekifuta. Chini ya ngazi kuna nafasi ya kufungia fremu kwa mnyororo, kwa hiyo uzito si tatizo kubwa kama ulivyohesabu, Hesabu, mradi ninachopandisha ni mtoto tu. Sasa nielekee mtumba wa cha ghali. Nikague nini? Na tairi za upepo zina usumbufu kiasi gani?

fundi_spoku
Hesabu nimemkubali kwenye ngazi. Kama fremu inabaki chini, mahesabu yanabadilika na magurudumu makubwa yanashinda.

Mtumba, fuata mkondo huu. Kikunje na kukikunjua mara kadhaa mbele ya muuzaji. Kufuli la kukunjia lazima lishike lenyewe, na liwe na kizuizi cha pili. Likihitaji kusaidiwa kwa goti, ondoka. Pitisha kidole kwenye bomba la alumini karibu na kila ungio ukitafuta ufa mwembamba kama unywele. Alumini iliyopasuka hairudi kwa kuchomelewa barabarani, sehemu ya pembeni ya weldi inabaki dhaifu. Bawaba za kukunjia ziwe zimefunikwa: mwaka 2009 nchini Marekani vigari vya mwavuli vipatavyo milioni moja viliitwa virekebishwe kwa sababu bawaba zilikuwa zinakata ncha za vidole vya watoto, na marekebisho yalikuwa ni vifuniko vya kitambaa tu. Andika namba ya modeli na tarehe ya kutengenezwa kutoka kwenye kibandiko, utafute kama kuna wito kama huo kwa modeli hiyo.

Bakoli, yaani kifungio cha mkanda, ifunge kwa mlio na isifunguke ukiuvuta mkanda kwa nguvu. Uzi wa mkanda ukiwa umepauka na kukakamaa, jua limeula. Badilisha au achana nacho. Kitambaa kichafu kisikutishe, kinafuliwa, na ndicho kizuri cha kuombea punguzo. Kikiwa ni seti yenye kiti cha gari, hicho kiache isipokuwa unamjua mwenye nacho na una hakika hakijawahi kupata ajali. Ganda likishapata kishindo, ufa unaweza usionekane.

Tairi za upepo: kipimo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, mara nyingi kati ya psi (kipimo cha shinikizo la upepo) 20 na 30. Usitumie kompresa ya kituo cha mafuta bila uangalifu, tyubu ndogo hivi inajaa kwa sekunde chache na kupasuka. Pampu ya mkono ya baiskeli inatosha, valvu nyingi ni za aina ya gari. Upepo ukiwa mdogo, tairi inateleza juu ya rimu na kuivuta tyubu, shina la valvu linalala upande na kuchanika pale chini. Ukiona shina limelala, toa upepo, rudisha tyubu ikae sawa, jaza upya. Pima kila wiki mbili. Pancha inazibwa kwa viraka vilevile vya baiskeli.

Ekseli na shingo za magurudumu ya mbele usizitie mafuta ya mashine, yanashika vumbi yanakuwa uji wa msasa. Futa, kisha puliza silikoni kavu kidogo. Kigari kikianza kutikisa gurudumu la mbele kulia na kushoto ukienda haraka, ni shingo imelegea. Kwenye changarawe lifunge lisigeuke kulia wala kushoto.

Hesabu_Kwanza
Naongeza moja, na hii ifanyike kabla pesa haijatoka mfukoni. Mwandikie mtengenezaji umuulize spea nne: gurudumu la mbele, tyubu, paa, bakoli ya mkanda. Zinauzwa moja moja? Kwa bei gani? Modeli ikishasimama kutengenezwa, zitapatikana kwa miaka mingapi? Usipojibiwa, kihesabu kigari hicho kama cha bei rahisi hata kama risiti inasema vingine, kwa sababu gurudumu moja la mbele likivunjika mwisho wake ni uleule. Waranti usiitegemee kwenye mtumba: nyingi ni za mnunuzi wa kwanza mwenye risiti, na tairi na kitambaa huwa nje.

Mkunga_Mstaafu
Na begi la nepi liende kwenye kapu la chini, Subira. Likitundikwa kwenye mpini, siku ukimtoa mtoto kigari kinapinduka chali. Akiwa bado yumo, ni kichwa chake kinachotangulia.