Faili la XML la istilahi za kompyuta: nipange kwa neno au kwa dhana?

Mkusanyaji
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Ninakusanya istilahi za kompyuta kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, zitakazotumiwa na wafasiri wa Tanzania, Kenya na mashariki mwa Kongo. Hadi sasa zimo katika lahajedwali, kila neno la Kiswahili na mstari wake, lakini ninapozihamishia kwenye XML (muundo wa faili unaopanga data kwa alama zenye majina) mpangilio huo unanishinda. Neno "mtandao" linanilazimu kubana "network" na "Internet" katika kisanduku kimoja, ilhali "kompyuta" na "tarakilishi" zina mistari miwili ingawa kinachotajwa ni kitu kilekile. Je, niendelee hivyo?

Mfasiri wa Pwani
Tatizo halimo katika XML, bali katika kuamua kila mstari unasimamia nini. Kamusi ya kawaida huanza na kidahizo, yaani neno linaloingizwa, na kuorodhesha maana zake; hazina ya istilahi huanza na dhana na kuorodhesha majina yake kwa kila lugha. Kiwango cha TBX cha kubadilishana istilahi kwa XML, yaani ISO 30042, kilichotolewa mwaka 2008 na kurekebishwa mwaka 2019, kimejengwa juu ya msingi huu wa pili. Ngazi zake ni tatu: conceptEntry ni dhana, ndani yake mna langSec moja kwa kila lugha, na ndani ya langSec mna termSec moja kwa kila istilahi. Ukikutana na termEntry, langSet na tig, usibabaike, kwa maana hayo ni majina ya toleo la 2008.

Kwa hiyo "mtandao" utaandikwa mara mbili, chini ya dhana mbili zenye fasili tofauti, nazo "kompyuta" na "tarakilishi" zitakaa pamoja chini ya dhana moja. Kitambulisho cha dhana kisiwe neno la lugha yoyote, kwa kuwa neno linaweza kubadilishwa kesho. Tumia kitu kama c017. Herufi ya mwanzo ni ya lazima, kwani XML haikubali kitambulisho cha aina hiyo kianze na tarakimu.

Mhariri Mstaafu
Nakubali, ila naongeza tahadhari moja. Usigawe Kiswahili kuwa sw-TZ na sw-KE kwa ajili ya maneno machache yanayotofautiana, maana utalazimika kuandika "kipanya" mara mbili na kusahihisha mara mbili. Weka langSec moja ya sw, kisha "kipakatalishi" na "kompyuta mpakato" kila moja ibebe geographicalUsage yake, yaani sehemu ya kutaja inakotumika. Kwa Kongo, jiulize kwanza unakusanya nini: kama ni Kiswahili sanifu kinachoandikwa huko, utaratibu huohuo unatosha, kama ni Kiswahili cha Kongo chenyewe, kina msimbo wake, swc, na kinastahili langSec yake. Tena, usiipe "tarakilishi" alama ya istilahi iliyokataliwa eti kwa sababu wewe umezoea "kompyuta".

Mkusanyaji
Nashukuru sana. Limebaki suala la ngeli, kwa kuwa mfasiri anahitaji kujua wingi na upatanisho. Nimeona TBX-Basic, aina nyepesi ya TBX, ina grammaticalGender (jinsia ya kisarufi). Je, naweza kuandika KI-VI humo?

Mfasiri wa Pwani
Hapana. Sehemu hiyo hupokea thamani zilizopangwa tangu awali, kama vile ya kiume na ya kike, ambazo zitakufaa kwa Kifaransa. Programu ya kuhakiki faili itaikataa KI-VI. Unaweza kubuni kategoria yako katika lahaja yako ya TBX (naam, hata viwango vina lahaja), lakini kila atakayepokea faili atahitaji maelezo yake. Kwa kuwa faili lako litazunguka nchi tatu, mimi ningeiandika ngeli katika note (sehemu ya maelezo huru) ya kila termSec, kwa umbo moja lisilobadilika, ili baadaye iweze kuchujwa na programu. Ila ukitaka pia minyambuliko, yaani "pakua", "pakuliwa", "upakuaji", hapo utakuwa unatunga kamusi, na muundo wa TEI, yaani mwongozo wa kuandaa matini na kamusi kwa XML, utakufaa zaidi.

Mkusanyaji
Minyambuliko naiacha. Naanza na dhana ya "mtandao" usiku huu.