Naomba ushauri: wachezaji hawataki kucheza na mwenzao

Habari zenu wakuu. Nafundisha timu ya mtaa huku Nkuhungu, Dodoma, vijana wa miaka 18 na kuendelea, tunacheza ndondo. Nina winga wa kushoto, krosi zake zinatua kichwani kwa straika kama kaziweka kwa mkono. Sasa umezuka uvumi kuwa ni shoga. Mwenyewe hajasema lolote, nami sijamuuliza. Sioni inanihusu nini.

Tangu hapo hapewi pasi. Chupa ya maji ikishapita kwake hakuna anayeigusa tena, na jezi yake inaachwa peke yake kwenye begi. Nahodha kaniambia wazi: aondoke yeye au waondoke wao.

Nimepiga marufuku matusi mazoezini. Nikawatajia mchezaji Josh Cavallo, aliyejitangaza kuwa shoga mwaka 2021 akiwa Adelaide United na akaendelea kucheza. Wakanijibu, "Kocha, hiyo Australia." Hapo walinipata. Kwetu Kanuni ya Adhabu inatoa miaka 30 hadi maisha kwa tendo lenyewe, na maneno ya mtaani tu yanaweza kumfikisha kijana kituoni. Ndiyo maana viongozi wa mtaa sijawashirikisha.

Makocha mliopo humu, nisaidieni. Nitawatulizaje hawa bila jambo kukua likamfikia mjumbe au wazazi wake? Na huyu nahodha, nimvue kitambaa sasa au nisubiri mashindano yaishe? Wa matusi wapite tu, ya uwanjani yananitosha.