Utafiti gani utaisaidia sera ya afya ya akili itekelezwe Pemba?

Mwanafunzi, Wete

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nasoma afya ya jamii na natafuta mada ya utafiti. Zanzibar ina Sheria ya Afya ya Akili tangu 2001, lakini hospitali maalumu ipo Kidongo Chekundu, Unguja, na kwa familia ya Pemba safari ya huko ni nauli ya boti, malazi na siku za kazi zinazopotea. Je, nikihesabu wagonjwa katika shehia kadhaa nitakuwa nimesaidia?

Muuguzi, Chake Chake

Waaleikum salaam, mwanangu. Idadi ina faida yake, ila haimwambii mkuu wa kituo afanye nini Jumatatu asubuhi. Utazame mradi wa PRIME, wa kuingiza huduma za afya ya akili katika vituo vya afya vya kawaida, uliofanywa Ethiopia, India, Nepal, Afrika Kusini na Uganda kuanzia 2011 hadi 2019. Kila nchi ilianza na wilaya moja, wizara ya afya ikiwa mshirika tangu mwanzo, na mpango ukajengwa juu ya mwongozo wa mhGAP wa kutibu maradhi ya akili na kifafa, ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa 2010 kwa ajili ya watoa huduma wasio mabingwa. Baadaye wakapima iwapo wanaohitaji matibabu wanayapata kweli. Mimi ningekushauri umfuatilie mgonjwa wa kifafa au wa saikosisi (maradhi yanayomfanya mtu asione au asisikie mambo kama yalivyo) tangu anapofika kituoni: nani alimtambua, rufaa iliishia wapi, na mwezi wa pili dawa aliikuta? Hapo ndipo wengi wanapotupotea, na inaniuma kwa sababu dawa ikikatika mgonjwa huanza upya.

Mtafiti, Mjini

Nakubaliana na dada yangu muuguzi, na naongeza suala la nani atoe huduma. Mjini Harare, wanawake wa makamo, wahudumu wa afya wasio wataalamu, walifunzwa kuzungumza na wenye sonona na wasiwasi kwenye mabenchi ya vituo vya afya. Matokeo ya jaribio la vituo 24, yaliyochapishwa 2016, yalionyesha kuwa baada ya miezi sita waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Dodoso lao la kupima dalili lilitungwa kwa Kishona, kwa maneno ya wagonjwa wenyewe. Sisi tunao wahudumu wa kujitolea katika shehia, lakini tusiwabebeshe kazi hii kabla ya kupima kama wana nafasi na msimamizi wa kuwaongoza.

Mwanafunzi, Wete

Nashukuruni sana. Nitaifuata njia ya mgonjwa wa kifafa. Je, niwahusishe na waganga wa kienyeji?

Muuguzi, Chake Chake

Wahusishe, kwani familia nyingi huanzia kwao, na ukiwaacha utaiona nusu tu ya njia. Halafu, kabla ya kuomba kibali cha maadili, lipeleke swali lako kwa timu ya afya ya wilaya na uwaulize ni jibu gani lingewafanya wabadilishe maombi yao ya dawa.