Barrett na kipimo cha p53, naombeni ufafanuzi

kiungulia_sugu: Wakuu, nimepigwa endoskopi (kamera ya kuingizwa kooni) wakakuta umio umebadilika, wanaita Barrett, sasa dokta anataka kinyama kipimwe p53. Hii ndo kansa tayari au?

mtu_wa_maabara: Hapana mkuu, wengi wanaishi nayo tu, wanaofika kwenye kansa ni chini ya asilimia 1 kwa mwaka kama seli hazijavurugika. Jeni ya TP53, inayotengeneza hiyo protini ya p53 unayopimwa, ndo breki ya seli mbovu zisizaliane hovyo, ikiharibika hatari inapanda hata kama kwenye hadubini mambo yanaonekana shwari

bibie: na ile jeni nyingine, p16, je??

mtu_wa_maabara: Hiyo huharibika mapema mno, hata kwa wasiopata kansa, peke yake haisaidii sana

mzee_kijana: Ila p53 ikiwa safi usikwepe endoskopi za kufuatilia, kinyama kinatolewa sehemu ndogo tu, kinaweza kukosa palipoharibika