Maonesho ya wazi, nafasi ya mita 3 kwa 3: hema, kupanga picha, bei na wale wa "bei ya mwisho ngapi?"

Rangi_Mbichi

Habari wakuu. Nimepata nafasi kwenye maonesho ya sanaa ya uwanjani, siku mbili, eneo la mita 3 kwa 3 juu ya lami. Hema kila mmoja anajitegemea. Nina picha 22: za akriliki kwenye kanvasi 15, kuanzia sm 40 kwa 50 hadi sm 80 kwa 100, na za rangi za maji 7 zenye fremu na kioo. Zote ni kazi za mkono, hakuna nakala ya kuchapwa hata moja.

Maswali yangu: hema nilishikize na nini ikiwa vigingi haviingii kwenye lami? Nitundike zote 22? Bei niipangeje ili mtu akiuliza kwa nini hii ni ghali kuliko ile niwe na jibu? Akiniambia "bei ya mwisho ngapi?" nimjibuje bila kumfukuza? Na je, nichapishe nakala za bei ndogo au nibaki na kazi halisi tu?

---

Fundi_Turubai

Mkuu, anza na hema. Hilo likikosewa mengine hayana kazi.

Hema la mita 3 kwa 3 lililofungwa kuta ni tanga la jahazi. Ukuta mmoja wa mita 3 kwa 2 ukipigwa na upepo wa kilomita 20 kwa saa husukumwa kwa nguvu ya kama kilo 11. Upepo ukifika kilomita 40, nguvu haiwi 22, inafika 45 hivi, kwa sababu kasi ikizidi mara mbili nguvu huzidi mara nne. Ndiyo maana hema lililotulia asubuhi nzima linaweza kung'oka kwa dharuba moja ya alasiri.

Weka kilo 18 hadi 25 kwa kila mguu, miguu yote minne, hata kukiwa shwari. Rahisi kuliko vyote ni madumu ya lita 20: maji ya lita 20 ni kilo 20, unasafiri nayo matupu na kuyajaza hapo hapo, ila uulize mapema kama bomba lipo. Ubaya wake ni kwamba dumu limekaa pana na watu hujikwaa. Nadhifu zaidi ni bomba la plastiki la inchi 4, urefu mita 1, lizibwe chini na kujazwa zege. Hilo hutoa kilo 18 hivi. Zege likiwa bado bichi, chomeka juu yake bolti yenye pete ya kufungia. Tofali mbili juu ya kibati cha mguu si uzito, ni kujidanganya.

Kosa kubwa huwa kwenye kufunga. Mkanda wa kukazia uanzie pembe ya juu ya fremu, ushuke hadi kwenye uzito, ukazwe mpaka usicheze. Kisha uzito wenyewe ufungwe kwenye mguu usibembee na kugonga miguu ya watu. Mkanda ukilegea hata sm 10, hema hupata nafasi ya kuruka kabla halijazuiwa, na ule mshtuko ndio unaovunja viungo. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie kamba za mpira.

Mvua ina hesabu yake pia. Paa likilegea maji hutuama pembeni, na lita 30 ni kilo 30 juu ya vyuma vyembamba. Kaza paa, halafu pindisha kipande cha bomba jembamba la plastiki kama upinde na ukiweke chini ya turubai kwenye kila pembe ili maji yateremke. Usisubiri lijae ndipo ulisukume kwa fimbo. Yale maji yataangukia kwa jirani, na jirani naye ana picha.

Paa liwe jeupe. Paa la buluu hugeuza kila picha iliyo chini yake kuwa ya buluu, na mnunuzi hawezi kujua rangi uliyoichagua ilikuwa ipi.

---

Msumari2

Picha 22 ni nyingi kwa eneo hilo. Piga hesabu: kuta tatu za mita 3 ni mita 9 za kutundikia. Ikiwa kwa wastani picha ina upana wa sm 50, na baina ya moja na nyingine unaacha sm 20, kila picha inakula sm 70. Hapo zinaingia 12, tena kwa mstari mmoja. Zilizobaki zikae nyuma ndani ya maboksi, zikiwa na waya na kulabu tayari, ili moja ikiuzwa pengo lizibwe ndani ya dakika mbili. Kibanda kilichosheheni kama stoo humfanya mtu aone wingi badala ya kuona picha.

Usitundike kwenye vyuma vya hema. Hema likitikisika, picha nazo hutikisika. Tafuta nyavu za chuma za kusimama au mbao nyepesi zilizovikwa kitambaa, uziunganishe kwa pembe ili zijisimamie, ndipo uzibane kwenye miguu ya hema. Kitambaa kiwe cha kijivu au marekani isiyotiwa rangi. Cheusi hupendeza usiku na kufyonza joto mchana. Kila picha ishikwe na kulabu mbili, si moja, la sivyo saa nzima utakuwa unanyoosha zilizopinda. Ukingo wa chini nao ufungwe, maana upepo ukiingia nyuma ya kanvasi huipigapiga ukutani mpaka pembe zinapondeka.

Katikati ya picha iwe kama sm 150 kutoka chini. Ile ya sm 80 kwa 100 iwekwe ukuta wa nyuma, katikati, peke yake au na moja ndogo tu pembeni. Kazi yake ni kumvuta mtu aliye umbali wa mita 10 hata kama hatainunua, na mara nyingi hainunuliwi yenyewe, hununuliwa ndogo yake.

Za rangi za maji ndizo zitakazokusumbua. Jua likipiga kioo, unyevu uliomo kwenye karatasi hutoka na kuwa matone upande wa ndani wa kioo, karatasi inajikunja, na baadaye kuvu huingia. Rangi nyingine hupauka kabisa zikikaa juani. Kwa hiyo kabla hujasimamisha hema, fahamu jua la alasiri litatokea upande gani, ukuta huo uufunge, na hizo 7 uziweke upande ambao mwale hautazifikia saa yoyote. Hakikisha pia karatasi haigusi kioo. Paspatu (kadibodi yenye dirisha inayokaa kati ya picha na kioo) ya milimita 2 inatosha kuzitenga.

Za akriliki hazina shida ya kioo lakini joto hulainisha rangi yake. Mbili zikigusana uso kwa uso ndani ya gari lililofungwa juani zitagandana, na kuzibandua ni kuchuna. Vilevile plastiki ya vipovu isiguse uso wa rangi, itaacha alama za duara. Tanguliza karatasi ya kuokea, plastiki ifuate juu yake.

Jambo la mwisho upande wangu: meza isizibe mlango. Ikae pembeni, na kiti chako kiwe kirefu ili macho yako yalingane na ya mtu aliyesimama. Anayeketi chini nyuma ya meza akichezea simu anaonekana kama mlinzi.

---

Bi_Fremu

Kwenye bei, zipo njia mbili zinazotetewa. Ya kwanza ni eneo: upana mara urefu mara kiwango chako. Ya pili ni kujumlisha: upana kuongeza urefu, mara kiwango. Tumia vipimo vyako mwenyewe uone tofauti. Picha ya 40 kwa 50 ina eneo la 2,000. Ya 80 kwa 100 ina 8,000. Kwa njia ya eneo, kubwa ni mara nne ya ndogo. Kwa kujumlisha ni 90 na 180, yaani mara mbili tu. Anayetumia eneo huishia na kubwa zisizonunulika au ndogo za bure. Ushauri wangu ni kujumlisha, kwa kuwa kazi haizidi mara nne kwa sababu kanvasi imezidi mara nne.

Kiwango kipatikane kutoka chini. Chukua picha ya 40 kwa 50, jumlisha vifaa, saa zako za kazi, na sehemu yake ya gharama za maonesho (ada, usafiri, mifuko, makato ya malipo). Gawanya kwa 90. Fremu iongezwe mwishoni kwa gharama yake, usiizidishe. Baada ya hapo usibadili bei kwa sababu moja unaipenda zaidi. Unayoipenda mno usiilete sokoni. Na bei ya kibandani ilingane na ya mtandaoni, maana watu hukagua kwenye simu wakiwa wamesimama mbele yako.

Bei iandikwe kwenye kila picha, bila kukosa hata moja. Wapo wanaoficha bei wakidhani wataulizwa na mazungumzo yataanza. Ukweli ni kwamba wengi hudhani ni ghali na kuondoka kimyakimya. Kwenye lebo weka jina la kazi, aina ya rangi, vipimo na bei, kwa herufi zinazosomeka hatua mbili nyuma, na igandishwe pande zote upepo usiibebe.

Sasa "bei ya mwisho ngapi?" Amua nyumbani, si pale. Utaratibu unaofanya kazi: picha moja haishuki, mbili kwa pamoja zinapungua asilimia 10, na anayenunua kubwa unamfikishia bila malipo ya ziada. Akiuliza, jibu linakuwa jepesi: "Hii ni hiyo hiyo bei, ila ukichukua na ile ndogo nakupunguzia." Hujamkatalia, umempa hesabu ya kufanya. Ukishusha mara moja mbele ya watu watatu, umeshusha kwa wote watatu.

Na kuna wanaopima maonesho kwa kanuni ya mauzo kuwa mara kumi ya ada ya kibanda. Ni kipimo cha haraka, hakihesabu usafiri wala malazi. Weka daftari lako.

---

Kalamu_Risasi

Naungana na Bi Fremu kasoro jambo moja: kutoshusha kabisa picha moja ni ugumu usio na faida ikiwa ni saa ya mwisho ya siku ya mwisho na mtu ameirudia mara tatu.

Kuhusu nakala, kwanza soma fomu ya waandaaji. Maonesho mengine huzikataa kabisa, mengine huziruhusu zikiwa zimesainiwa na kuhesabiwa, kama 12/50, yaani ya 12 kati ya 50. Zikiruhusiwa, zisitundikwe ukutani kamwe. Ziweke kwenye kisanduku cha kupekua, urefu wa kiuno, kila moja ndani ya mfuko wa plastiki angavu na kadibodi nyuma, na neno NAKALA lisomeke. Nakala ikining'inia kando ya kazi halisi, mpita njia anaanza kushuku zote.

Ila kama bado hujachapisha, usichapishe kwa ajili ya safari hii. Badala yake chora ndogo nane au kumi za sm 15 kwa 20. Kwa hesabu ya kujumlisha kila moja ni 35, chini ya nusu ya ile ya 90. Unapata kitu cha bei ya chini na bado kila kilichomo kibandani kimetoka mkononi mwako. Hilo peke yake ni tangazo.

---

Bi_Fremu

Ya saa ya mwisho siikubali, dada. Watu wakishaizoea watasubiri saa ya mwisho kila mwaka. Ndogo za 15 kwa 20, hapo sina neno.

---

Rangi_Mbichi

Nashukuruni sana. Nina mawili tu: usiku wa kuamkia siku ya pili vitu vinabaki vipi, na nifanye nini ili watu wajue nipo? Maana wanasema kizuri chajiuza.

---

Kalamu_Risasi

Chajiuza kikiwa kimeonekana. Wiki mbili kabla, weka picha moja mtandaoni kila baada ya siku mbili, ukitaja namba ya kibanda, si jina la maonesho tu. Pale penyewe weka bango la jina lako juu, na msimbo wa QR unaopeleka kwenye kazi zako. Ukubwa wake ni umbali wa msomaji gawanya kwa kumi: wa kusomwa kutoka mita 1 uwe na sm 10.

Mtu akiingia msalimie, mwache aangalie. Usimuulize "nikusaidie?", atasema hapana. Akisimama mbele ya picha moja, mpe sentensi mbili kuhusu hiyo hiyo: ulichokuwa ukikitazama, namna ulivyoipata ile rangi. Akisema "nitarudi," mpe kadi na uandike nyuma yake jina la picha na bei. Akitaka kukuwekea amana, andika kiasi, tarehe ya kuichukua na nini kitatokea asiporudi. Kwenye risiti ongeza mstari kwamba hakimiliki inabaki kwako. Kwa sheria za nchi nyingi mnunuzi amenunua picha, si haki ya kuinakili.

Mtandao huzidiwa uwanja ukijaa, kwa hiyo jaribu mapema kama mashine yako ya kadi inapokea malipo bila mtandao, na uwe na chenji ya kutosha pamoja na betri ya akiba. Majina na namba za waliokubali kupokea taarifa zako, watumie ujumbe ndani ya siku mbili, wakiwa bado wanaikumbuka picha.

---

Fundi_Turubai

Usiku: picha zote ziondoke, hata kama kuna walinzi. Toa kuta ili upepo upite, shusha miguu ya hema mpaka chini kabisa, uzito usiubandue, na mikanda uikaze upya. Asubuhi ikague tena kabla hujapandisha, kwani turubai lililolowa hunyooka na mikanda hulegea.

Siku ya kufunga, ukilikunja likiwa na unyevu, lifungue tena jioni hiyo hiyo likauke. Kuvu likiingia kwenye paa jeupe halitoki, na madoa yake utayaona juu ya kila picha utakayotundika mwakani.