Kuonja kokteli nyumbani: kila mtu na chupa yake, mitungi mitatu, au pombe moja kwa utamu tofauti?

DadaIsevya (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Niko Tabora mjini, Isevya. Mwisho wa mwezi tutakuwa watu wanane kwangu, sita wanakunywa, wawili hawagusi kileo. Nataka jioni ya kuonja, siyo ya kulewa. Nasema hivyo kwa sababu mwaka jana niliharibu. Nilinunua chupa nne za aina nne, kila mtu akajimiminia anavyojua, na kufika saa mbili usiku hakuna aliyekumbuka kaonja nini. Mishikaki ilikuwa bado inaiva. Shemeji yangu alilala kwenye kochi, glasi mkononi, wima kabisa, haikumwagika hata tone.

Njia ninazozifikiria ni tatu:

Ya kwanza, kila mgeni aje na chupa anayoipenda, amtengenezee kila mtu kidogo na kueleza kwa nini anaipenda.

Ya pili, nichanganye mapema aina tatu kwenye mitungi, nikae na wageni wangu badala ya kushinda jikoni.

Ya tatu, ninunue pombe ya aina moja tu, nibadilishe vinavyoingia ndani yake.

Vyombo vya baa sina. Friji ninayo, umeme mnajua wenyewe. Nawasilisha.

ChupaYaTatu

Ya kwanza bila kufikiri mara mbili. Gharama mnagawana, na kila mtu anakuja na stori yake. Sisi hapa Kanyenye tunafanya hivyo kila sikukuu.

Mhasibu_wa_Ipuli

Mkuu ChupaYaTatu, mkifanya hivyo mnaishia na nini mezani? Sisi tulipata wiski tatu zinazofanana, mvinyo mmoja mtamu wa Dodoma, na mmoja alikuja na bia mbili akasema atachanganya "kitu". Hapo huonji, unajaza tumbo.

Na hesabu haidhibitiki. Nakupigia kidogo, DadaIsevya. Kipimo cha kuonja kiwe ml 30 za pombe kali. Watu sita kwa raundi tatu ni ml 540. Chupa moja ya ml 750 inatosha na inabaki. Ukichukua Konyagi, ambayo ni asilimia 35, kila mtu atakuwa amekunywa ml 31.5 za kileo chenyewe usiku mzima. Bia ya ml 500 yenye asilimia 5 ina ml 25. Kwa hiyo raundi tatu ni sawa na bia moja na robo hivi. Raundi ya tano ndipo shemeji anaanza kutafuta kochi.

DadaIsevya

Hiyo hesabu ya kochi nimeipenda 😂

MwishoWaReli

Salaam kutoka Kigoma. Mimi ni mtu wa mitungi, njia ya pili. Nimeandaa mara mbili hapa Bangwe, na raha yake ni kwamba jua linapozama ziwani wewe umekaa unaliangalia, hutikisi kopo jikoni.

Wengi wanakosea kwenye maji. Unapotikisa kinywaji na barafu, sehemu ya barafu inayeyuka na kuingia ndani, na hayo maji ni sehemu ya kinywaji. Ukichanganya kwenye mtungi bila barafu, lazima uyaongeze mwenyewe, la sivyo kinakuwa kikali kinachoma koo. Mimi naongeza robo ya ujazo. Kwa watu sita: pombe ml 180, ndimu ml 90, shira ml 90, jumla 360, kisha maji safi ml 90. Weka kwenye friji masaa matatu. Usiweke kwenye friza ukajisahau, kwa sababu kwa kiwango hicho cha kileo kinaanza kuganda, unamimina uji.

Ndimu kamua siku hiyo hiyo, tena mchana. Ikilala usiku inapoteza ile harufu ya juu inabaki uchachu tu.

Chakula: dagaa wa Kigoma waliokaangwa wakakauka, wakawekewa pilipili. Mtu akitafuna dagaa wawili halafu akanywa kitu chenye ndimu, ulimi unakuwa kama umefuliwa. Kama una mtu anakuja na treni, mwagize.

MsukaMizinga

Nimechelewa kuiona mada, nilikuwa porini Sikonge. Mama, wewe uko Tabora na unauliza ubadilishe nini? Njia ya tatu, na cha kubadilisha ni utamu. Watu wanatoka mbali kununua asali yetu, sisi tunaiacha tunatafuta maji ya rangi yaliyotoka ng'ambo.

Fanya hivi. Kinywaji kimoja: pombe ml 30, ndimu ml 15, shira ml 15. Ni mpango ule ule wa Daiquiri ya Cuba, tofauti ni pombe tu. Wao wanaweka ramu. Ukiweka jini, limao na asali, kwa wenzetu wa Marekani inaitwa Bee's Knees, ya enzi zile pombe imepigwa marufuku kwao, 1920 hadi 1933. Na wale waliowahi kufika Nairobi wanaijua Dawa: vodka, ndimu, asali, na kijiti cha kukorogea. Zote ni ndugu.

Sasa raundi tatu, kinachobadilika ni shira peke yake:

Raundi ya kwanza, shira ya sukari, sukari kikombe kimoja kwa maji kikombe kimoja. Hii ni ya kupimia nyingine. Inaleta utamu basi, haina neno lingine la kusema.

Raundi ya pili, asali ya nyuki wakubwa, ile nyeusi ya miombo. Usiimimine moja kwa moja. Asali ikikutana na baridi inagoma: inashuka chini, inang'ang'ania barafu, unakunywa ndimu tupu halafu mwisho unakutana na donge. Changanya asali na maji ya vuguvugu nusu kwa nusu, yasichemke, maana moto mkali unafukuza harufu, na harufu ndiyo uliyoinunua. Ukionja utasikia kama moshi kidogo, na kitu kama ngozi ya tunda lililokaushwa.

Raundi ya tatu, asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma. Hapo ndipo wageni wako watanyamaza. Ni nyepesi, inatiririka, na ina uchachu wake yenyewe. Kwa sababu tayari ina maji mengi kuliko ile nyingine, shira yake iwe asali mbili kwa maji moja, na ndimu punguza kutoka ml 15 hadi 10. Usipopunguza, uchachu unakuwa wa watu wawili wanaobishana. Na isikae nje, inachacha upesi, weka kwenye friji.

Angalizo moja la mtaani: asali ya nyuki wadogo haipatikani kwa madumu. Mtu akikuuzia lita tano kwa bei ya chee, ujue umenunua maji na sukari. Nunua chupa ndogo kwa mtu unayemjua. Wewe kwa watu sita unahitaji shira ml 90 tu, hata robo lita ya asali huimalizi.

Mjukuu_wa_Unyanyembe

Kama ni utalii wa ndani basi twende mpaka mwisho. Ongezeni raundi ya wanzuki, na nyingine ya gongo iliyopoozwa na maganda ya chungwa. Wazungu wanalipa hela nyingi kwa vitu kama hivyo.

Mhasibu_wa_Ipuli

Wanzuki sawa, weka kikombe kidogo pembeni watu waonje asali ikiwa imechacha, inaendana na mada. Gongo hapana. Kwanza ni haramu kisheria, pili hujui kilichomo. Mpishi asiye makini anakuachia methanoli humo ndani, na hiyo inapofusha macho. Huwezi kuionja ukaitambua. Usiwawekee wageni wa watu.

Mjukuu_wa_Unyanyembe

Nimekuelewa mkuu. Nafuta kauli, nabaki na wanzuki.

Ummu_Cheyo

Mimi ndiye yule mgeni asiyekunywa kwenye kila sherehe, naomba niseme neno. Mnapiga hesabu za ml 30 kwa watu sita, wale wawili mmewawekea nini? Najua jibu: soda mbili za chupa, pembeni ya meza, karibu na viatu.

Njia ya tatu ndiyo pekee inayotuweka mezani na wenzetu, kwa sababu mnaonja utamu, na utamu hauna kileo. Tengeneza zile zile raundi tatu, shira zile zile tatu, badala ya pombe weka juisi ya ukwaju iliyokolea au chai kali ya tangawizi iliyopoa. Sukari, asali kubwa, asali ndogo. Mgeni asiyekunywa anatoa alama sawa na mwingine. Ukwaju una ukali wake, usiongeze ndimu nyingi, matone tu.

Ila vyombo vyangu viwe vyangu, dada. Kopo la kutikisia jingine, chujio jingine, kikombe cha kupimia kingine. Usisuuze harakaharaka ukasema ni safi. Na uwaulize mapema kama wako radhi kukaa meza yenye kileo. Wengine hawataki kabisa, na hilo unaliheshimu, unawaita siku nyingine mle pilau.

DadaIsevya

Asante sana Ummu. Ni kweli mwaka jana niliwawekea soda 🙈 Nimeshawapigia simu. Mmoja kasema atakuja, mwingine kasema tuonane Jumapili mchana.

Kwa hiyo nakwenda na ya tatu. Maswali: nitatikisia nini? Nitapimia nini? Na barafu?

MwishoWaReli

Naunga mkono ya tatu japokuwa imeipiga mitungi yangu. Ila kwa watu zaidi ya kumi na mbili nirudieni mimi, hamtatikisa makopo ishirini.

FundiBarafu

Barafu ndiyo sherehe yenyewe, na ndiyo inayosahaulika.

Usinunue zile za mifuko kama hujui maji yake yametoka wapi. Chemsha maji, yaache yapoe, jaza kwenye makopo ya siagi au mifuko safi, anza kugandisha siku mbili kabla. Kwa watu wanane andaa kilo nne hadi tano: nusu ya kutikisia, nusu ya kuwekea kwenye vikombe. Zihamishie kwenye deli saa moja kabla wageni hawajafika. Kama huna deli, ndoo yenye mfuniko, ifunge na blanketi. Umeme ukikatika usifungue friza kuchungulia.

Donge kubwa linayeyuka taratibu kuliko vipande vidogo. Kwa hiyo funga donge kwenye taulo safi, ligonge na mchi mpaka upate mapande ya ukubwa wa yai la kuku. Ukilisaga likawa kama chumvi, kinywaji kinakuwa maji kabla hujafika mezani.

Kutikisia: chupa ya jamu yenye mdomo mpana na mfuniko usiovuja. Barafu ijae nusu, kinywaji ndani, funga, tikisa kwa nguvu sekunde kumi na tano mpaka vidole viume kwa baridi. Chuja na chujio la chai. Kitu chenye gesi usikitikise humo, utafua mapazia.

Kupimia: kile kikombe cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi. Kina mistari ya ml. Kioshe vizuri, la sivyo raundi zote zitakuwa na ladha ya mtoto mgonjwa.

MsukaMizinga

Nimecheka hapo kwenye mtoto mgonjwa. Na usiwaambie wageni kipi ni kipi. Bandika namba chini ya vikombe.

Mhasibu_wa_Ipuli

Kwenye namba napinga kidogo. Ukificha, watu wanabahatisha tu. Raundi ya sukari itangaze, iwe kipimo, zile mbili za asali ndizo uzifiche. Na kila raundi maji glasi nzima kabla ya inayofuata. Wenye magari waagize bodaboda.

DadaIsevya (mrejesho)

Wakuu, nimerudi. Tulikuwa saba mwishowe.

Chakula kilitangulia safari hii: michembe na karanga, dagaa wa MwishoWaReli (shukrani, walifika na treni ya alfajiri, mfuko mzima unanuka ziwa), mishikaki ikaiva saa moja kamili.

Raundi ya sukari watu waliisifia kwa adabu. Asali nyeusi iligawanya meza. Watatu waliipenda, mmoja akasema inamkumbusha jiko la bibi yake Urambo, akairudisha kikombe nusu. Asali ya nyuki wadogo ilipofika, MsukaMizinga, walinyamaza kweli. Shemeji akauliza kama nimeweka tunda. Nikamwambia hapana. Akasema nadanganya, akaenda jikoni kukagua.

Wifi wa ukwaju ndiye aliyebahatisha namba zote mbili sawasawa, na alikunywa maji na ukwaju tu usiku kucha. Waliokuwa na pombe walikosea watatu kati ya sita.

Umeme ulikatika saa mbili na dakika kumi. Barafu ya kwenye ndoo ilitufikisha mwisho na kipande kimoja kikabaki. Kosa langu: chupa ya jamu ya kwanza ilikuwa na mfuniko uliopinda, nusu ya raundi ya pili ilinimwagikia kifuani, nikanukia asali mpaka asubuhi. Sisimizi wamekuja kunisalimia kitandani.

Chupa ya pombe imebaki zaidi ya robo. ChupaYaTatu, ukipita Isevya njoo uichukue.

ChupaYaTatu

Nipo njiani.