Transiva za faiba kwa fedha ya umma: tung'ang'anie chapa ya swichi au tununue zinazoendana?

FAIBA YA ZIWA (mleta mada)
Wakuu, salaam. Kuna jambo linanikera siku nyingi, naomba tulijadili bila matusi. Taasisi zetu zikiandaa zabuni ya mtandao, kwenye transiva wanaandika "ziwe za chapa ya swichi". Kwa asiyezijua, transiva ni kile kidude cha ukubwa wa kidole gumba kinachochomekwa kwenye swichi (mashine inayounganisha vifaa vya mtandao) na kugeuza umeme kuwa mwanga ili data ipite kwenye faiba. Bila hicho, mkongo wote uliofukiwa huko njiani ni uzi wa kioo uliolala ardhini.

Msimamo wangu ni kwamba tununue zinazoendana, yaani za kampuni nyingine zinazofanya kazi kwenye swichi hiyohiyo. Umbo la transiva hizi, au moduli kama tunavyoziita, linaitwa SFP na lilikubaliwa na makampuni tangu mwaka 2000, ndiyo maana moduli ya huyu inaingia kwenye poti ya yule bila kugombana. Kinachozitenga ni kumbukumbu ndogo ndani ya moduli, ambamo mtengenezaji ameandika jina lake. Swichi inalisoma, na isipolipenda inafunga poti au inajaza malalamiko kwenye logi, yaani daftari lake la matukio. Mwanga uko sawa, leza iko sawa, ugomvi ni wa jina.

Sasa bei. Moduli ya Cisco ya 10G (gigabiti 10 kwa sekunde) ya kilomita 10, ile SFP-10G-LR, kwa miaka mingi iliandikwa dola 3,995 kwenye orodha ya kampuni. Najua hakuna anayelipa yote, punguzo huwa kubwa. Haya, chukua robo tu. Inayoendana nayo unaipata kiwandani kwa chini ya dola 40. Ongeza ndege, VAT ya asilimia 18 na tamaa ya msambazaji, bado hujaigusa dola 100. Kila kiungo kinataka mbili, huku na huku. Halmashauri yenye viungo 20 inataka 40, na hapo hujaweka akiba.

Halafu hao wenye chapa nao wananunua. Viwanda vya moduli vinajulikana: Finisar ya Marekani, ambayo siku hizi imo ndani ya Coherent, Accelink ya Wuhan, InnoLight ya Suzhou. Lebo hubandikwa baadaye. Karibuni.

KIJITI
Ngoja waje wajuzi. Nimeshatandika mkeka hapa.

BI UNUNUZI
Mleta mada umeongea kifundi, sasa njoo ukae upande wa meza yangu. Kwanza, kudai chapa moja kwa moja haturuhusiwi. Ukitaja chapa unaongeza "au inayolingana nayo". Na balaa lote linaanzia kwenye maneno hayo.

Zabuni inapanda NeST, ule mfumo wa ununuzi wa serikali mtandaoni, mtu anashinda kwa bei ya kutupwa, mzigo unafika. Kamati ya ukaguzi na mapokezi ni mhasibu, mtunza stoo na kijana mmoja wa TEHAMA aliyeombwa atoke kwenye shughuli zake nusu saa. Wanahesabu vipande 40. Wanatazama lebo. Wanasaini. Nani amepima mwanga? Hakuna. Baada ya miezi minane vinaanza kufa kimoja kimoja, mzabuni simu hapokei, na mkaguzi wa CAG akija anaketi mbele yangu mimi, haendi kukutafuta wewe huko Ziwa. Kwa hiyo idara ikiandika chapa usiite ushamba. Wananunua mtu wa kumdai.

MZEE WA SHELTA
Bi Ununuzi kula tano. Ila na chapa nayo isikudanganye. Mwaka fulani tuliletewa moduli "orijino", boksi limefungwa, stika ya kung'aa, kila kitu. Nikachomeka mbili kwenye swichi moja, nikazisoma taarifa zake kwenye skrini. Namba ya utambulisho (serial) ya hii na ya ile: ileile, hadi herufi ya mwisho. Nikachomeka ya tatu. Ileile. Kiwanda gani kinazaa mapacha watatu? Tulikuwa tumelipa bei ya chapa kwa mali ya kuandikwa upya, tena yenye karatasi zote.

Jambo la pili, mnabishana lebo na kumbe nyingi tunaziua wenyewe. Nilikuta kiungo cha kilomita 12 hivi kimewekewa moduli za kilomita 80, eti kubwa ndiyo nzuri. Moduli za namna hiyo hurusha mwanga wa kati ya 0 na +4 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga), na upande wa kupokea hautaki kuzidi -7 hivi. Faiba ya kilomita 12 inakula kama dB 3 tu. Maana yake unammulika mtu tochi machoni mchana na usiku. Ilitakiwa kipunguza mwanga cha shilingi kidogo tu. Zilipokufa, ripoti ikaandika "moduli feki".

Joto nalo. Shelta, yaani kibanda cha mitambo, ikiharibika kiyoyozi, hasa huku kwetu bondeni, moduli inasoma nyuzi 74 saa nane mchana. Ya kawaida imetengenezwa kwa 0 hadi 70. Ya viwandani ni -40 hadi 85. Hilo lizingatiwe kwenye zabuni kabla ya jina la mtu.

Na vumbi! Nisiendelee. Nimeshatumwa kilomita 200 kubadilisha moduli, nikasafisha ncha ya faiba, mwanga ukatoka -19 ukaja -9. Nikala samaki wa mtu njiani, nikarudi.

MSAFIRI WA GUANGZHOU
Naomba nami niseme kwa kuwa mzigo huu tunaubeba sisi. Wateja mnatufundisha tabia. Ukifika kule Uchina unaulizwa unataka ya bei gani. Kuna mpya iliyopimwa, kuna iliyochomolewa kwenye vituo vya data ikavalishwa ganda jipya, kuna iliyofeli kipimo ikauzwa hivyohivyo. Kwa nje zote zina kishikio cha bluu na kifuniko cha raba. Mimi nikileta ile nzuri, jirani yangu Kariakoo analeta ya pili, na kwenye zabuni ananipiga kwa dola tano. Mwaka unaofuata mnadhani mimi nitaleta ipi?

Kisanduku cha kuandika jina kwenye moduli ninacho. Moduli moja naigeuza ichomekwe kwenye swichi ya chapa yoyote, dakika moja. Kwa mwenye swichi za mchanganyiko ni neema, stoo yake inapungua. Lakini Mzee wa Shelta amesema kweli, kisanduku hichohicho ndicho kinazaa hao mapacha.

PWANI KASKAZINI
Ndugu zangu, naandika kutoka Mombasa, huku mikongo ya baharini inapotokea majini. Mimi nilikuwa upande wa mleta mada kabisa, hadi usiku mmoja tulipopandisha toleo jipya la programu kwenye swichi. Saa nane usiku, swichi imewaka tena, poti sita zimekataa moduli. Jana yake zilikuwa zinapitisha data vizuri. Tukapiga simu kwa watoa huduma wa swichi, jibu likawa: wekeni moduli yetu kwanza, tatizo likiendelea ndipo tutasikiliza. Tulirudi toleo la zamani tukingoja alfajiri. Siku hizi tunanunua zinazoendana, lakini kila eneo tunaacha jozi mbili za chapa kwenye kabati, za kuonyesha tu.

KIJITI
Swali la mjinga: na ujasusi je? Si kidude cha nje kinaweza kutusikiliza?

MZEE WA SHELTA
Kijana, ukiogopa kusikilizwa anza na swichi yenyewe na nenosiri ambalo halijabadilishwa tangu siku ya kufunga.

FAIBA YA ZIWA (mleta mada)
Nimesoma wote. Bi Ununuzi, ya mapokezi nimekubali, nilikuwa sijaitazama hivyo. Pwani, ya programu imenigusa, na dawa yake naiona kwenye zabuni: mzabuni alete vipande vinne vya mfano, vichomekwe kwenye modeli ileile ya swichi na toleo lilelile tunalotumia, vikae siku saba kabla ya kutia saini. Viripoti joto na mwanga unaotoka na unaoingia. Vya shelta viwe vya nyuzi 85. Kila kipande kiwe na namba yake, na zote zisomwe kwenye swichi, siyo kwenye stika. Malipo ya mwisho yakae hadi mwaka uishe.

Bado sibanduki kwenye hoja ya akiba. Kumbukeni Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika pamoja na nchi ikabaki inatambaa. Siku kama ile mwenye njia ya pili anataka kuongeza uwezo saa hiyohiyo, na uwezo unaongezwa kwa kuchomeka moduli. Mwenye za bei nafuu anafungua kabati. Mwenye za chapa anafungua oda.

BI UNUNUZI
Siku saba nakubali, naweza kuitetea mbele ya bodi ya zabuni. Lakini atakayepima ni nani? Mkoani kwetu kipima mwanga kipo, kilinunuliwa kwenye mradi, kimefungiwa stoo. Aliyekabidhiwa alihamishwa mwaka juzi, na ufunguo nasikia aliondoka nao Songea.

MZEE WA SHELTA
Nipe jina la stoo, nina kikata kufuli.